Jina kwa Penseli

Jumatano, baada ya kupura mpunga,
katekista Polikarpo aliwasomea ugomvi wa Antiokia:
Wayunani wameambiwa watahiriwe kwanza,
ndipo wale meza moja.

Mzee Sekambi akacheka mpaka akakohoa.
"Sisi wa Dunda tulimalizana na ngariba
meno ya utoto hayajang'oka.
Basi tu Wayahudi?"

"Hapana. Paulo alikataa. Mataifa waje walivyo.
Ila damu wasile, wala kilichosongolewa."

"Kuku wetu huchinjwa na Maalim Shomari," akasema mpishi,
"hajasongoa hata mmoja."
Wakacheka tena. Polikarpo naye, kidogo.

Bibi yangu hakucheka.
Alikuwa akichagua mawe kwenye ungo,
akauliza bila kuinua uso:
"Na yule Tito, Myunani, alipewa jina gani?"

"Tito."

"Alibaki Tito?"

"Alibaki."

"Mimi Sikudhani. Mimba saba zilimtoka mama,
ya nane ndiyo mimi. Jina langu ni shukrani tayari.
Mbona daftarini nimekuwa Skolastika?"

Nyuma ya ukuta mtu alikuna nazi.
Katekista akafungua daftari la ubatizo, akalifunga.
Akalifungua tena.
Padre alikuwa na homa; wino ulikuwa chumbani kwa padre.

Nimeliona mwaka jana, mchwa wamekula pembeni:
Skolastika, kwa wino, herufi za kulala.
Juu yake, kwa penseli,
kwa mkono wa mtu anayesikiliza hatua mlangoni,
Sikudhani.

Hakuna aliyefuta.