Mita Kumi na Tano za Wavu

Wavu tulionunua soko la Majengo
ulikuwa mita kumi na tano.
Nikapima, wifi akapima,
tukavua kanga tukapima kwa kanga,
hesabu ikagoma palepale:
mabanda mawili hayatoki.
Basi kuku wangu na sungura wake
wakaingia boma moja,
kama sisi.

Sechelela alirudi Mpunguzi mwezi wa saba,
ule upepo wa kutia vumbi hadi kwenye chumvi.
Alikuja na begi moja
na boksi la mafuta ya kula, limetobolewa kwa kisu,
ndani yake masikio manne.
Sikumuuliza habari za ndoa.
Nilimuuliza, hawa wanakula nini?
Akasema, wasichokula kuku wako.

Haikuwa kweli.
Waligombea majani ya mizabibu,
waligombea maganda ya viazi,
hata ukoko wa ugali wa uwele niliotupa kwa hasira.
Tetea mweusi alidonoa sikio la jike
taratibu, kama anayechambua mtama.
Jogoo akapanda mgongoni mwa dume, akawika,
dume akamtia teke moja la kifua
jogoo akamaliza kuwika akiwa chini.

Wifi alicheka mpaka akashika nguzo.
Tangu aje sijamsikia akicheka.
Nilinuna kidogo, maana jogoo ni wangu.

Bwana mifugo Chidawali hakuzima pikipiki.
Kinyesi cha kuku kikiingia kwenye majani, sungura anaharisha.
Pumba za kuku zikimwingia sungura, tumbo linavimba.
Tenganisheni, mama zangu.
Tukaitikia ndiyo, tukampa mayai mawili,
akaondoka nayo mfukoni, anaendesha kama mgonjwa.
Sisi tukainua pumba juu ya meza mbovu,
majani tukayafunga kwenye wavu,
na kitagaa cha kuku tukakisogeza pembeni
kisiwe juu ya vichwa vya watu.
Nimesema watu. Niache hivyohivyo.

Mwezi wa nane, asubuhi ya baridi,
jike alianza kujinyonyoa kifua.
Alijing'oa manyoya kwa meno, fungu kwa fungu,
akayapeleka kwenye debe la kulalia, akayapanga,
akarudi kung'oa mengine, ngozi ikaonekana.
Wifi aliangalia.
Akaingia ndani, akakaa huko mpaka jua likapinda.
Alipotoka alikuwa amenawa uso.
"Na mimi nilitandika," akasema.

Nilikuwa na neno, likanikwama.
Nikaenda kufukuza kuku ambaye hakufanya kosa.

Walizaliwa saba, wekundu, vipofu.
Alfajiri ya tatu nikamkuta tetea mweusi debeni,
ameatamia, amevimba, hataki kuguswa.
Nikamwinua kwa nguvu, akanidonoa kiganja.
Chini yake watano wanapumua,
wawili wamebanwa kwenye kona, baridi kama mawe,
na yai moja, la moto.
Sijui nimlaumu au nimshukuru.
Sechelela alizika wawili kwa mwiko, nyuma ya choo.
Lile yai tulilikaanga tukagawana,
bila kutazamana.

Siku hiyo tulikata boma katikati
kwa mabua ya uwele na kamba za katani.
Chidawali angefurahi.
Saa saba mchana, jua likichoma ardhi nyekundu,
jike amejilaza huku,
tetea amejilaza kule,
mabua katikati, yametunisha tumbo pande zote mbili.

Usiku mume wangu akapiga simu kutoka machimboni.
Huuliza neno lilelile: mnaendeleaje?
Wifi akaninyang'anya simu.
"Kaka, tunahitaji wavu. Mita nane."
Akanyamaza, akanitazama, nikawa napepeta kitu ambacho kilishapepetwa.
"Lakini usiharakishe," akamwambia.