Kugonga Dari

Saa tisa usiku, Oviedo. Mvua ni ileile ya Jumanne.
Nimezima feni, nimevua viatu:
sindano hii hushtuka hata kwa kikohozi.

Mchana nilibandika utepe wa kunata kwenye kipande cha grafati,
nikabandua, nikabandua tena,
hadi likabaki jani la kaboni lenye unene wa atomi moja,
jani lisilo na ndani.
Babu Nel, makaa ya Mieres uliyatoa kwa tani.
Mimi nimekesha siku tatu kwa utando wake.

Chini ya jani nimetandika kioo cha rutheni na klorini.
Hakuna waya baina yao, hakuna betri;
wamelala tu kama wapangaji wa kitanda kimoja,
na Iyán anaapa kwamba elektroni zimehama kimyakimya,
kutoka kwa jani kwenda kwa kioo.
Nani kaziona?
Hakuna.

Wewe pia ulikuwa huoni.
Uliinua mpini wa sururu, ukagonga dari ya mwamba,
ukatega sikio.
Ikijibu kwa sauti nzito, mnaendelea.
Ikilia tupu, mnatoka mbio na zana mnaziacha.

Nami nagonga.
Leza inapiga nchani mwa sindano,
mwanga mwekundu ambao jicho halikupewa,
na pale chini mwanga unanasana na chaji,
anazaliwa chotara, nusu nuru, nusu maada:
wimbi fupi mara hamsini kuliko mzazi wake.
Linakimbia hadi ukingoni. Linarudi.
Njiani linakutana na linalokwenda;
yakipatana, mstari mweupe,
yakikosana, mweusi.

Nahesabu mistari.
Penye grafeni peke yake, kijivu tu.
Juu ya jirani, mistari mipana, imejipanga kama mbavu.
Wimbi hurefuka chaji ikizidi. Basi Iyán hakuongopa:
elektroni zilikwenda, zikaacha mashimo,
na wimbi, sijui nikuelezeje,
linasafiri juu ya mashimo hayo.
Linabebwa na nafasi za walioondoka.

(Uliniachia helmeti, na kikohozi chako
ndani ya kanda moja ya sauti.)

Kisha, saa kumi na robo, kona ya kushoto,
mistari inabanana, inakatika ghafla.
Lengelenge. Hewa kidogo imenaswa katikati,
majirani hawagusani, na chaji haikuvuka hata moja.
Ungesema: tokeni.
Mimi navuta kiti karibu.

Kesho nitampelekea Bibi Ludivina picha hii.
Ataitazama kwa adabu, kisha atarudi kwenye tanuri,
ageuze mkate, augonge tumboni kwa kifundo cha kidole,
asikilize.
Kwake yeye, ukilia tupu
umeiva.