Silabi ya Kwanza

Duka la Faizal liko Ruwi, mlango wa pili
baada ya fundi saa, unapoanza kunusa dosa.
Muhana, mtoto wa kaka yangu, kanishika kiwiko.
Kiyoyozi kikanipiga usoni
kama mtu aliyechoka kunisubiri.

"Mama, hii! Skrini yake inang'aa kama almasi,
rangi bilioni moja."
Mwanangu, nikamwambia, hizo rangi
muuzie mwenye macho. Mimi nipe niguse.

Nikatafuta vile vinundu viwili, vidogo kama ufuta,
juu ya F na juu ya J,
ndipo nyumbani kwa vidole vyangu.
Hii mishale yake imebanwa
kama ndugu wanne kwenye godoro moja.
Hii safu ya juu haina mianya,
nitajuaje nimefika cha tano?
Na hii, ya bei kubwa kuliko zote,
juu ina kioo kitupu, vitufe vya kuchorwa.
Kitufe cha kuchorwa, kwangu mimi, ni ukuta.

"Na tarakimu ziwe kando, upande wa kulia," nikasema,
"hapo ndipo ninaposhika usukani wa msomaji wangu."
Nikaweka sikio ubavuni mwa moja, kama mkunga.
Ilikuwa ikihema. Feni yake ingepigana na kila sentensi.

Faizal akauliza, kwa upole kidogo uliochoka,
nini hasa ninachotaka.

Nataka Ha.

Mwaka jana, siku mbili kabla ya Idi,
Thuwaiba aliniandikia kutoka Sharja neno moja.
Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa na maradhi haya:
ikikaa kimya, spika zinasinzia,
neno likija ghafla, silabi ya kwanza
inapotea zinapofumbua macho.
Pengine ziko lugha zinazosamehe.
Kiswahili huiweka hapana yake mlangoni.
Dada yangu kaandika *Hatutakuja*.
Mimi nikasikia *Tutakuja*,
nikapiga bokoboko la watu kumi na moja,
mwiko mkononi hadi alfajiri,
nikakaa nalo.

Basi nyamazeni, nikawaambia.
Muhana, hesabu thelathini kimoyomoyo.
Duka zima likatulia, hata mteja wa chaja.
Nikaandika neno lile.
Ya kwanza: *Tutakuja.*
Ya pili: *takuja.*
Ya tatu ikameza h peke yake, *atutakuja*,
nikacheka mpaka nikatafuta kiti.
Faizal, asiyejua hata neno moja,
alidhani nasoma dua, akazima redio.

Ndipo akainama chini ya kaunta,
akatoa kitu kizito kama Msahafu wa babu,
mtumba wa ofisi moja ya bandarini Suhari.
"Hii naona aibu, Mama. Herufi zimefutika zote,
kioo kina mstari mweusi katikati."
Aibu ya nani, Faizal?
Vinundu vipo. Mianya ipo. Tarakimu kando.
Thelathini. *Hatutakuja.*
Nikamwambia Muhana ahesabu sitini.
*Hatutakuja*, kwa lafudhi ya bati,
lakini Ha yenye pumzi zake zote,
Ha ya mtu aliyesimama wima.

Alitaka riyali sitini na tano.
Nikampa sitini, na baraka.

Leo usiku nimemwandikia Thuwaiba:
kesho kutwa Idi, mnakuja?
Nikaiacha mezani, isinzie ikitaka.
Nikafua mtandio. Nikasahau.
Sauti ikaja nikiwa na povu mikononi:
*Hatujui bado.*
Nzima. Mwanzo wake umo.

Nikakausha mikono
nikaroweka ngano, kidogo tu.