Mkate wa Ng'ambo ya Barabara

Julai, Pangani. Baridi imekaa juu ya mabati
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nimemwaga mezani sarafu za nchi mbili.
Hodan anazitenga kwa ukucha,
zenye ndege huku, zenye namba tupu kule,
na moja isiyo na kwao: shilingi yetu,
ilikwenda mfukoni ikarudi mfukoni.

"Haya, simulia," anasema. "Na usiruke chakula."

Basi, ulikuwa mji wa barabara moja pana,
na katikati ya barabara, nchi inaisha.
Si ukuta, si mto. Ni mstari wa rangi nyeupe
uliolambwa na magurudumu hadi ukawa tetesi,
na mbwa kalala juu yake,
kichwa Kolombia, mkia Brazili,
usingizi wake haudai viza.

Kazi yangu unaijua: naonja kahawa, natema.
Miaka kumi na mmoja pale mnadani,
kijiko, kufyonza kwa kelele, ndoo.
Bara lile nililijua kwa ulimi
kabla ya kulikanyaga. Kumbe ulimi nao hudanganywa:
nzuri yote huuzwa nje,
wenyewe asubuhi hunywa makapi, sukari tele,
sawa na kwetu Kangundo,
ambako baba alipalilia mibuni umri wake wote
akafa mnywaji chai.

Mwenye nyumba ya wageni, Bi Eulalia,
alikuwa na saa mbili ukutani,
ya huku na ya ng'ambo, zimepishana saa nzima.
Nikamwambia sisi tuna ya tatu:
jua likitoka ndipo tunaanza kuhesabu.
Nilimwambia kwa Kiswahili na kwa vidole,
maana Kihispania changu kilikuwa cha magunia na bei.
Akacheka hadi akashika meza,
akanitia noti mkononi, akanisukuma mlangoni.
Mkate wa huku, alinifahamisha kwa kukunja uso,
ni mtamu kama wa watoto.
Wa kule una chumvi.

Nikavuka kwa kandambili,
pasipoti kifuani kama mtu abebaye mayai.
Askari alikuwa kivulini, anamenya chungwa.
Akaniangalia.
Nikaifungua, ukurasa wa picha, mkono unanitetemeka.
Akanyoosha kisu chenye maji ya chungwa:
duka ni lile, fanya haraka,
unakwisha.

"Hakukuuliza kitu?" Hodan ameziacha sarafu.
Hakuniuliza.
"Na ugeni wote huo? Na kandambili?"
Hakuniuliza.
"Ulivuka mara ngapi?"
Siku tisa, asubuhi na jioni.
Siku ya tatu pasipoti niliiacha chini ya godoro.

Ananyamaza.
Nje Juja Road inanguruma na malori yake,
ng'ambo Eastleigh inawasha taa ghorofa kwa ghorofa.
Hodan alizaliwa Pumwani, wiki mbili kabla yangu,
hospitali ileile, pengine shuka ileile,
na hubeba kipande akienda kununua maziwa.
Mwaka ule walimkuta nacho mkononi
wakasema picha haifanani.
Alilala seli ya hapa jirani, siku mbili.
Mimi nilimpelekea chapati. Nilipita mlangoni
na hakuna aliyetaka kujua mimi ni nani.

Hili hatulisemi. Nachemsha maji.
Nimeleta kahawa ya Bi Eulalia, nusu paketi,
nyeusi, imeungua, ina ladha ya gunia na mvua.
Kazini ningeitema kabla haijagusa koo.
Nameza. Naye anameza, anakunja uso,
anaongeza kijiko cha sukari, halafu kingine.

Saa mbili usiku anasimama, anapapasa mkoba:
simu, funguo, kipande.
Navaa kandambili, namsindikiza.
Tunangoja ukingoni, malori hayaishi,
taa zinampiga usoni, zinaondoka, zinarudi.

"Huo mkate," anauliza, macho yako barabarani,
"chumvi yake ilikuwa kiasi gani?"