Droo ya Njugu

Niliikuta Kibuye, Jumapili, chini ya rundo la feni mbovu:
gita ya umeme, shingo imepinda kama mkia wa mbwa aliyefukuzwa,
nyuzi tatu, vifungo viwili, jina la kampuni limefutika
ikabaki herufi moja, kama jino.
Muuzaji akasema elfu tatu. Nikacheka.
Akasema elfu mbili, mama, hii imetoka Ulaya.
Ulaya gani inayonuka mafuta taa?
Tukaachana kwa mia tisa na hamsini.

Mimi ni fundi wa pampu.
Jumatatu hadi Jumamosi watu wa Ahero huniletea mashine
zilizomeza matope ya mpunga, nami huzitapisha.
Kinu cha posho Nyamasaria kikikohoa, ni mimi.
Geti la shule likigoma, ni mimi.
Kila nikishikacho kina mtu anayekisubiri,
amesimama hapo mlangoni, anatazama saa.

Gita hii haikusubiriwa na mtu.

Basi nikaichukulia msumeno.
Nikalikata lile tumbo la mbao, nikalipa umbo la ngege:
mapezi, magamba, mkia wa bati lililobaki kanisani.
Jicho ni taa ya breki ya pikipiki,
huwaka jekundu ukigusa uzi wa chini.
Rangi, buluu ya geti la shule, nusu mkebe;
ikaniishia kifuani, nikamalizia na ya waridi
niliyoiomba saluni kwa Adoyo.
Sauti unaiongeza kwa mfereji.
Ndiyo, mfereji wa maji, wa shaba, robo tatu:
ukiufungua, kelele; ukiufunga, amani.
Mkanda ni wa Peugeot iliyokufa kabla sijaolewa.
Uzi mnene ni waya wa breki ya baiskeli,
na kengele yake pia nikaifunga hapo juu,
niliona itasononeka ikibaki peke yake.

Mgongoni nikaitia droo.
Ndogo, ya kuvuta, kishikio chake kizibo cha soda.
Ya njugu. Mwanamuziki naye hula.

Olwande wa kuchomelea alikuja, akaizunguka mara mbili
kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.
"Nyagudi, hii ni ya nani?"
"Yangu."
"Ya kazi gani?"
Nikalitafuta jibu kwenye sanduku la spana, sikuliona.
"Ya hakuna," nikasema. "Ya hakuna kabisa."
Akanyamaza. Akaenda kwake,
akarudi na honi ya lori mkononi.
"Basi hapa kwenye mkia," akasema, "pana nafasi."

Tukaiunganisha na redio ya kaseti. Nikapiga.
Mlio wa kwanza ulikuwa paka ndani ya pipa.
Wa pili, pipa ndani ya paka.
Wa tatu, ngoja,
wa tatu njugu zikaamka.
Chaka-chaka, ndani ya droo, chaka-cha,
zikashika mwendo ambao vidole vyangu havikuujua,
vikabaki kuufuata nyuma kama watoto wanaofuata arusi.
Bega la Olwande likaanza kutikisika, lenyewe, bila ruhusa.
Mama wa omena akatua beseni lake.
Mtu mmoja aliyekuja kuulizia pampu
akasahau kuiulizia.
Tukapiga hadi upepo wa ziwa ukaja kutuzoa vumbi.

Jumatatu, pampu. Mbili, zote za haraka.
Jioni nikanawa grisi, nikajivika mkanda, nikafungua mfereji.
Paka yupo.
Pipa lipo.
Mwendo haupo.

Nikaivuta droo: maganda matupu.
Nikageuka. Mwanangu Ogalo, miaka saba,
amesimama mlangoni, mashavu yamejaa ngoma,
anatafuna polepole ili nisisikie.