Lango la Wafu

Tumetoka Shinyanga na basi la alfajiri,
mimi na Nyamizi, miaka tisa na nusu
(nusu hiyo huidai kwa nguvu),
amekumbatia daftari lenye ramani aliyoichora mwenyewe
msimu kwa msimu, sehemu kwa sehemu,
akiwa sakafuni mbele ya runinga ya jirani.
Hapa Malkia aliapa. Hapa joka lilitua. Hapa
Wafu walivuka.

Mwanza haikutupokea kama ufalme.
Ilitupokea na harufu ya dagaa, na kijana wa bodaboda
aliyeitazama ramani, akaigeuza juu chini, akasema,
"Hii ngome mnayoitafuta ni ofisi ya maji."

Nyamizi akaandika: ofisi ya maji.

Kwenye mwamba lilipotua joka
palikuwa na korongo mmoja, kipara,
amesimama kama karani anayesubiri pensheni.
Chini yake mwanamume akiosha pikipiki kwa maji ya ziwa.
"Joka?" akacheka. "Lilikuwa mpira wa tenisi, dada,
wa kijani, kwenye ncha ya fimbo. Jamaa mmoja anakimbia nao,
sisi tunaambiwa: ogopeni!
Tukaogopa. Siku nne tuliuogopa ule mpira
kwa chai na chapati mbili."

Nilimtazama mwanangu, nikihofia kitu kitavunjika usoni mwake.
Hakikuvunjika. Aliuliza tu:
"Aliyekuwa anakimbia nao, hakuchoka?"

Lango la Wafu liko Igogo, juu,
juu kuliko pumzi yangu. Ngazi za mawe,
mifereji ya maji ya sabuni, waya wa umeme
umezungushiwa jiwe kama kamba ya ng'ombe kwenye kigingi.
Mawe yamebebana mgongoni tangu kabla ya majina,
na nyumba zimejibana katikati yao
kama punje zilizosahaulika kwenye gunzi.
Mjusi kafiri, kichwa chekundu, kiwiliwili buluu,
akipiga pushapu juu ya mwamba.
Nyamizi akampigia saluti.

Na hilo ndilo lango: ufa kati ya mawe mawili,
upana wa mtu na ndoo yake.
Kwenye runinga lilitoa ukungu.
Hapa lilitoa moshi wa mkaa na harufu ya vitunguu,
maana nyuma yake ni jiko la Milembe.

"Buku mbili kupita," alisema, macho kwenye mchele anaouchambua.
"Buku kwa mtoto. Na msiniangushie nguo."
Halafu, noti zikiwa zimekwishaingia kifuani:
"Mimi humu nilikufa mara tatu.
Mara ya kwanza nilikufa vibaya, nikacheka.
Ya pili ndege ikapita, wakakata.
Ya tatu nilikufa vizuri mpaka mume wangu akalia.
Elfu kumi na tano kila kifo. Ndiyo haya mabati."

Tukapita. Hatua sita.
Upande wa pili: ziwa lote,
bapa, linang'aa kama sinia lililosuguliwa kwa majivu,
kivuko cha Kamanga kikilikata taratibu,
na hakuna aliyekufa.

Kwenye ukuta wa nyumba palikuwa na alama,
X nyekundu, rangi imechuruzika ikakaukia njiani.
Nyamizi akafungua daftari haraka.
"Hii ni sehemu ya ngapi? Siikumbuki."
Milembe akapangusa mikono kwenye kanga.
"Hiyo si ya filamu, mwanangu.
Hiyo ni ya barabara."

Upepo ukageuza kurasa.
Nilitafuta la kusema, sikulipata;
nikamlipa tena, pesa ya kurudi, ingawa hakudai.

Usiku, ndani ya basi, mtoto hakulala.
Kwa mwanga wa simu yangu aliichora upya ramani:
akafuta joka, akaweka korongo,
na langoni akachora mwanamke na ungo,
mkubwa kuliko mawe.
Pale penye X alisita,
kalamu hewani, kutoka Usagara mpaka Misungwi.
Kisha akauliza,
"Mama, barabara yenyewe inakwenda wapi?"