Seva ya Tatu Imenyamaza

Kabla sijaondoka, Anyelwisye, sogeza kiti.
Kiyoyozi kinavuja. Ndoo ni hiyo, imwage saa tano,
la sivyo maji yatafika kwenye nyaya.
Hilo halijaandikwa popote. Mengine yote yameandikwa.

Seva za ripoti ni tatu. Zinaandika usiku kucha,
kila pumzi na saa yake, dakika yake:
nimeamka, nimefungua, nimehesabu, nimemaliza.
Wenye kamusi wanaiita batli. Mimi naiita daftari.

Mwaka wa kwanza nilisoma kwa macho,
mstari kwa mstari, kama anayechambua mchele wa shughuli,
chuya huku, jiwe kule,
na nikifika mstari wa elfu nane
nilikuwa naona jina la mama yangu mahali ambapo halikuwapo.

Ndipo nikamwandika mlinzi.
Si mtu. Ni mistari arobaini na moja ya maagizo.
Nikamwambia: zunguka kila dakika tano,
chungulia madaftari yote matatu.
Ukiona KOSA, nipigie.
Ukiona IMESHINDIKANA, nipigie.
Ukiona ONYO, nipigie pia, kwani nini.

Wiki ya kwanza alinipigia mara mia mbili na sita.
Onyo: printa ya ghorofa ya pili haina karatasi.
Onyo: Mbilinyi wa mahesabu amekosea nywila.
Onyo: Mbilinyi, tena.
Nikaamka Tabata saa tisa usiku kwa ajili ya Mbilinyi.
Mume wangu akahamia sebuleni na mto wake.

Basi nikampunguzia mlinzi ulimi.
Onyo uliandike, usiliseme.
Kosa likirudi mara tatu, hapo nena.
Nikalala. Hata nikajisifu.

Ukaja usiku wa orodha ya wastaafu,
simu iko kifuani, mimi fofofo.
Haikulia.
Asubuhi nikapanda ngazi za Kijitonyama na chapati zangu mbili
nikakuta seva ya tatu imenyamaza
tangu saa saba na dakika kumi na mbili.
Diski ilijaa. Ikakosa nafasi
hata ya kuandika kwamba imekosa nafasi.
Na mlinzi wangu, masikini, mwaminifu,
alizunguka usiku kucha, hakuona KOSA,
akaniandikia: salama. Salama. Salama.

Saa tatu, benki ya Samora, foleni ilifika barabarani,
bahasha za kaki, miwani ya kufungwa kwa uzi.
Bi Kidawa Mng'ong'o, mkunga mstaafu,
mstari wa elfu nne mia moja kumi na nane.
Namjua kwa kuwa alinipigia; nani alimpa namba, sijui.
Hakufoka. Aliuliza tu:
"Mwanangu, huko kwenu nimeshakufa?"

Kimya kingi kina mshindo mkuu.
Darasa la nne niliijaza methali hiyo, nikapata vema,
na sikuisikia mpaka siku ile.

Sasa tazama hapa, mstari wa arobaini na mbili.
Niliuandika vidole vikinuka mafuta ya chapati:
dakika kumi zikipita
na daftari halijaongezeka hata herufi,
usingoje kosa. Piga.
Wa arobaini na tatu: diski ikigusa themanini kwa mia, piga.
Wa arobaini na nne ni wa mlinzi mwenyewe.
Kila saa lazima aseme, nipo.
Asiposema, seva ya pili itapiga kelele,
na seva ya pili anaichungulia nani?
Ndiyo maana nimekwambia usogeze kiti.

Simu hii hapa. Chaji yake ni ya kubembeleza,
ipindishe waya kushoto.
Bi Kidawa hupiga kila tarehe ishirini na tano,
asubuhi, kusema imeingia.
Mwitikie vizuri, muulize goti.

Unasikia hiyo? Tone. Tone.
Ni ndoo.
Bado sijaiandikia mstari.